Malta: walioivamia na waliobaki

Ukifungua kitabu chochote cha historia ya Malta utakutana na orodha ile ile: Wafoinike, Wakarthago, Warumi, Wabizanti, Waarabu, Wanormani. Mimi ni mwanaakiolojia, nimezoea kusoma vigae kuliko nyaraka, na orodha hiyo hainiridhishi. Mwaka wa uvamizi hutuambia ni nani alianza kukusanya kodi. Nani aliendelea kulima shamba lile lile, kuzika wafu wake na kumwomba mungu wake, hilo ni swali jingine, na jibu lake mara nyingi halifuati orodha.

Kwanza ukubwa. Malta, Gozo na Comino kwa pamoja ni kilomita za mraba 316, na Unguja peke yake inavizidi mara tano hivi. Sisilia iko kaskazini, kilomita kama 90. Madini hakuna, wala mto wa maana. Wenye merikebu walichokitaka ni bandari, maana Malta ina bandari za asili zenye kina katikati ya njia ya mashariki na magharibi ya Mediterania.

Waliotangulia hawakumvamia mtu. Walikuwa wakulima waliovuka kutoka Sisilia zaidi ya miaka 7,000 iliyopita, na mifugo yao na mbegu zao. Hawakujifungia. Katika makazi yao tunaokota visu vya mawe meusi ya volkeno, ambayo Malta haina kabisa. Yalitoka visiwa vya Lipari na Pantelleria. Kufikia mwaka 3600 KK hivi, wazao wao walikuwa wameanza kujenga Ġgantija kule Gozo, hekalu la mawe makubwa lililotangulia piramidi kuu ya Giza kwa takriban miaka 1,000. Kule Ħal Saflieni walichonga vyumba vya kuzikia ndani ya mwamba, ghorofa chini ya ghorofa. Viligunduliwa mwaka 1902, mafundi walipokuwa wakichimba birika la maji.

Kisha yote yakakoma. Pale Tarxien, ambako Themistocles Zammit alianza kuchimba mwaka 1915 baada ya wakulima kulalamika kwamba plau zao zinagonga mawe, juu ya magofu ya hekalu kuna makaburi ya watu wa desturi tofauti kabisa. Hawa walichoma maiti na kuweka majivu kwenye mitungi, na walikuwa na visu na mashoka ya shaba, wakati wajenzi wa mahekalu hawakuwa na chuma cha aina yoyote. Hapa, ndiyo, naona mkatiko wa kweli.

Sasa linganisha na kilima cha Tas-Silġ, juu ya ghuba ya Marsaxlokk. Wafoinike walipofika, karne ya 8 KK, walikuta hekalu la kale limesimama. Hawakulibomoa. Waliongeza sehemu ya mbele wakamweka humo mungu wao wa kike, Astarte, na vyungu vyenye jina lake vimepatikana hapo kwa wingi. Karthago, mji wa Wafoinike katika Tunisia ya leo, ikaurithi utawala bila kuigusa ibada hiyo.

Mwaka 218 KK, vita vya pili vya Roma na Karthago vilipoanza, konsuli wa Kirumi Tiberius Sempronius Longus alivuka kutoka Sisilia. Livius, mwanahistoria wa Kirumi, ameandika kwamba Hamilcar mwana wa Gisgo, kamanda wa Karthago, alijisalimisha pamoja na askari wasiopungua sana 2,000, mji na kisiwa. Uvamizi mkubwa kwenye karatasi, lakini tazama sarafu. Chini ya Warumi, Malta iliendelea kutoa sarafu zenye maandishi ya Kipuniki, lugha ya Karthago, kisha za Kigiriki, na Kilatini kikaja mwisho. Na Astarte akaitwa Juno, mungu wa kike wa Kirumi, pale pale kilimani.

Kuhusu hekalu hilo Cicero, msemaji na mwanasheria wa Kirumi, ametuachia kisa ninachokipenda kuliko vyote. Jemadari wa majini wa mfalme Masinissa wa Numidia alitua Malta, akachukua pembe za ndovu za ukubwa wa ajabu na kumpelekea bwana wake. Masinissa alifurahi, hadi alipoambiwa zimetoka wapi. Papo hapo akazirudisha kwa merikebu ya kivita, zikiwa zimechongwa maandishi ya Kipuniki: mfalme alizipokea bila kujua, na alipojua akamrejeshea mungu mali yake. Cicero anasema hata maharamia waliokuwa wakipitisha majira ya baridi kisiwani hawakupagusa mahali hapo. Aliyezibeba ni Verres, gavana wa Kirumi wa Sisilia, na ndiyo maana kisa hicho kimo katika mashtaka ya Cicero dhidi yake ya mwaka 70 KK.

Wasomaji wa Matendo ya Mitume wanaijua Malta kwa merikebu ya Paulo iliyovunjika, karibu mwaka 60 BK. Mwandishi anawaita wenyeji kwa neno ambalo Wagiriki walilitumia kwa wasiosema Kigiriki. Karibu miaka 280 ya utawala wa Roma, na kwa maoni yangu watu wa pwani ile walikuwa bado wanaongea Kipuniki. Wabizanti nao, karne ya 6, walijenga kanisa ndani ya hekalu la Tas-Silġ.

Mkatiko wa pili ni mwaka 870, Waaghlabi, watawala Waislamu wa Ifrikiya (Tunisia ya leo), walipouteka mji na kuuharibu. Al-Himyari, mwandishi Mwarabu wa zama za kati, anadai kisiwa kilibaki gofu hadi Waislamu walipokihamia mwaka 440 Hijria, yaani 1048 au 1049. Vigae vya karne ya 10 kutoka Mdina, mji mkuu wa kale, vimewafanya baadhi yetu tulitilie shaka neno hilo "gofu", ila mabadiliko yenyewe hayapingiki. Punde baada ya uhamiaji huo, Wabizanti waliposhambulia, Waislamu huru walikuwa wachache kuliko watumwa wao, wakawaahidi uhuru na sehemu ya mali wakipigana pamoja. Wabizanti wakarudi mikono mitupu.

Roger wa Sisilia, Mnormani, aliyekuja mwaka 1091 aliondoka na mateka wa Kikristo aliowakomboa na ahadi ya kodi, Waislamu wakabaki. Ushahidi upo Gozo, kwenye jumba la makumbusho la Ċittadella: jiwe la kaburi la Maymuna binti Hassan, aliyefariki mwezi wa Shaabani 569 Hijria, Machi 1174, zaidi ya miaka 80 baada ya Roger. Ni marmari ya Kirumi iliyotumika tena, nakshi ya Kirumi upande mmoja, Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, kilichochongwa kwa ustadi upande wa pili. Msomaji wa pwani atakumbuka Kikufi cha msikiti wa Kizimkazi, cha mwaka 500 Hijria, kilichotangulia jiwe hili kwa miaka 67 tu ya Kizungu.

Waislamu wa Malta walifukuzwa au kubatizwa katika karne ya 13, chini ya Frederick II, mfalme wa Sisilia. Lugha yao haikufukuzika. Kimalta cha leo kimetokana na Kiarabu cha Sisilia ya enzi zile, huandikwa kwa herufi za Kilatini, na tangu 2004 ni mojawapo ya lugha rasmi za Umoja wa Ulaya.