Vigawo tasa: namna ya kuisoma namba 987,654,321

Ukubwa wa namba kama 987,654,321 haukwambii mengi juu yake. Tabia zake zimo katika vigawo tasa, yaani zile namba tasa (zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe) ambazo ukizizidisha huipata namba yenyewe. Kila namba nzima inayozidi 1 huvunjika hivyo kwa njia moja tu. Geuza mpangilio utakavyo, vigawo ni vilevile. Mwanahisabati Mjerumani Carl Friedrich Gauss alichapisha uthibitisho kamili wa jambo hili mwaka 1801.

Basi tuivunje. Jumla ya tarakimu zake ni 45, kwa hiyo inagawanyika kwa 9 na kutupa 109,739,369. Tarakimu za jibu hilo zinajumlika kuwa 47, kwa hiyo 3 haina tena nafasi. Namba ni witiri, 2 haimo. Haiishii na 0 wala 5, kwa hiyo 5 nayo haimo. Ukijaribu 7, 11 na 13 utabaki na baki kila mara. 17 inakubali, tena mara mbili: unapata 6,455,257, kisha 379,721.

Hapa ndipo penye jasho. Je, 379,721 ni tasa? Kipeuo chake cha pili ni 616 na ushei. Kama ingekuwa zao la namba mbili, angalau moja isingezidi 616, maana zikizidi zote mbili zao lao lingeipita. Kwa hiyo zinabaki namba tasa 105 tu za kujaribu, kuanzia 19 hadi 613. Inachosha, lakini inakwisha, na hakuna hata moja inayoigawa bila baki. Ni tasa:

987,654,321 = 3² × 17² × 379,721

Mstari huo mmoja unajibu maswali mengi. Namba hii ina vigawo 18, kwa sababu 3 inaweza kuchukuliwa mara sifuri, moja au mbili, 17 vivyo hivyo, na 379,721 kuwemo au kutokuwemo: 3 × 3 × 2. Si kipeo cha pili cha namba nzima, ingawa 51² inaigawa kikamilifu. Ukijumlisha vigawo vyake vyote isipokuwa yenyewe unapata 527,816,181, pungufu kwa mbali ya namba yenyewe.

Ukizipanga tarakimu kinyumenyume unapata 123,456,789, ambayo ni 3² × 3,607 × 3,803. Zote mbili zina 3² na hakuna kingine cha pamoja, hivyo KKS (kigawo kikubwa cha shirika) yao ni 9.

Njia ya kujaribu namba tasa moja baada ya nyingine haifai kwa namba ndefu sana. RSA-250, zao la namba tasa mbili lenye tarakimu 250, ilivunjwa mwaka 2020 kwa mbinu nzito zaidi na kompyuta nyingi zikifanya kazi pamoja.