Ken Doherty hakubahatisha

Nikitaja jina la Ken Doherty, bingwa wa dunia wa 1997, mbele ya wapenzi wa snuka (mchezo wa kuingiza mipira ya rangi kwenye mifuko ya meza kwa fimbo), hakosekani wa kusema: "Yule? Alibahatisha mara moja, basi." Maneno hayo huniuma, maana si kweli.

Fainali ya ubingwa wa dunia ya 1997, pale ukumbi wa Crucible, Sheffield, Uingereza, alipambana na Stephen Hendry aliyekuwa ametwaa taji miaka mitano mfululizo. Doherty aliongoza kwa fremu (michezo midogo inayounda pambano) 15-7, Hendry akanyakua fremu tano mfululizo. Ikawa 15-12. Wengi wangevunjika moyo hapo. Yeye alibeba tatu zilizofuata na kombe lake, 18-12.

Wala hakupotea baadaye. Mwaka uliofuata alifika tena fainali, akafungwa na John Higgins. Kisha 2003, mwaka ambao mimi nauthamini kuliko hata ule wa kombe. Raundi ya kwanza alipita 10-9, ya pili 13-12. Nusu fainali alikuwa nyuma ya Paul Hunter 15-9, akaigeuza na kushinda 17-16. Fainali Mark Williams alimwacha 11-4. Akamfukuza hadi 16-16, ndipo akashindwa 18-16. Jumla alicheza fremu 132 katika mashindano yale. Bahati haidumu fremu 132.

Kuna pia wanaomhesabu kuwa bingwa wa tatu kutoka Jamhuri ya Ireland, baada ya Alex Higgins na Dennis Taylor. Hao wawili ni wa Ireland Kaskazini. Doherty ni mtoto wa Ranelagh, Dublin, na katika zama hizi ndiye bingwa pekee wa dunia aliyetoka Jamhuri.

Na lile kovu alilonalo shavuni? Si la ugomvi. Alianguka kutoka juu ya paa la kibanda akiwa mtoto.

Lakini linalorudiwa zaidi ni kwamba hakuwahi kupata 147, yaani alama za juu kabisa kwa zamu moja mezani bila kukosa. Chanzo chake ni fainali ya 2000 ya Masters, mashindano mengine makubwa ya snuka, dhidi ya Matthew Stevens. Alikuwa ameingiza mipira myekundu yote 15, kila mmoja ukifuatwa na ule mweusi (ambao hurudishwa mezani kila mara), kisha rangi zote hadi ukabaki mpira mmoja mweusi, ukiwa mahali pake. Akaukosa. Alama 140. Picha hiyo imeoneshwa mara nyingi mno, watu wakaishia hapo. Hawakumwona 2012, akiwa na miaka 42, alipoikamilisha 147 kwenye mashindano ya Ujerumani.