Kabla hajaanguka alikuwa anafanya nini?

Ndugu wanaomleta mgonjwa wa kifafa kliniki husimulia zaidi pale alipoanguka: alikakamaa, akatupa miguu, povu likamtoka. Nawasikiliza, kisha nawarudisha nyuma. Macho yalielekea wapi? Mkono upi ulianza? Kuanguka hakunitoshi, maana aina mbalimbali za kifafa huweza kuishia hapo hapo.

Shambulio linaloanzia sehemu moja ya ubongo mara nyingi hutanguliwa na jambo dogo: kitu kama kinapanda kutoka tumboni hadi kooni, harufu ambayo wengine hawaisikii, vidole vya mkono mmoja vikichezacheza, au kichwa kugeukia upande mmoja. Likienea ubongo mzima, ndipo mtu huanguka. Likiisha, pengine mkono ule hubaki dhaifu kwa muda, nami najua chanzo kiko upande wa pili wa ubongo. Shambulio linaloanza pande zote mbili kwa pamoja kwa kawaida halitoi onyo la namna hiyo.

Wanaonipa kazi zaidi ni watoto "wanaoduwaa". Darasani huambiwa hawasikilizi, hata wakaadhibiwa, jambo linaloniuma sana. Kliniki humpa mtoto kipande cha karatasi akipulize, avute pumzi nzito mfululizo kwa dakika tatu hivi. Mwenye kifafa cha kuduwaa mara nyingi hukatika katikati: karatasi inatulia, macho yanaganda, kope zinapepesa. Baada ya sekunde kama kumi anaendelea kupuliza, hana habari kwamba alinyamaza. Kipimo cha umeme wa ubongo wakati huo huonyesha mawimbi yanayojirudia mara 3 hivi kwa sekunde.

Yupo mwingine anayekodoa macho vilevile, lakini kwa nusu dakika hadi dakika mbili. Huyu anatafunatafuna mdomo mtupu, anameza mate, anapapasa kifungo cha shati, na akizinduka hajui alipo, anataka kulala. Hicho kimeanzia sehemu moja ya ubongo. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua dawa: kabamazepini humfaa huyu wa pili, lakini yule wa karatasi inaweza kumzidishia.

Inaweza pia kuwazidishia vijana wanaorushwa mikono ghafla asubuhi, hasa wasipolala vizuri, hadi kikombe kikawaponyoka. Wao huja kwa sababu ya kuanguka; hiyo mikono hawaitaji mpaka uwaulize. Na mtoto mchanga anayejikunja ghafla, tena na tena kwa mfululizo, hasa anapoamka, msidhani ni tumbo tu. Mwahisheni hospitali siku hiyohiyo.

Si kila anayetikisika ana kifafa. Aliyezimia huanza kwa kuona giza na kutokwa jasho, anapauka, pengine anatikisika kidogo, kisha fahamu humrudia upesi. Wapo pia ambao mtikisiko wao hupungua na kuongezeka kwa muda mrefu, macho yakiwa yamefumbwa kabisa. Wengi wao chanzo ni msongo mzito wa nafsi. Hawaigizi, na wanastahili matibabu yao. Wala kipimo cha umeme kikitoka safi hakimaanishi kwamba kifafa hakipo.

Kwa hiyo naomba video ya simu. Kwanza mmoja amlaze mgonjwa ubavu na kuondoa vitu vinavyoweza kumwumiza. Msimtie chochote mdomoni, na mtikisiko ukifika dakika 5, mwiteni msaada wa dharura. Mwingine arekodi uso na mikono yote miwili, asizime mgonjwa anapotulia. Mwite jina, mtajie neno moja, tuseme "ndizi". Akisharudiwa na fahamu, muulize ni neno gani, na jibu lake nalo lisikike kwenye video.