Kupunguza na kukaza makalio kwa mazoezi: maswali na majibu

Swali: Makalio yangu ni makubwa na yamelegea. Lipo zoezi linaloyeyusha mafuta ya hapo peke yake?

Jibu: Halipo. Najua silo jibu ulilolitarajia, ila tulimalize mapema usije ukapoteza miezi. Mafuta ya mwilini ni akiba iliyowekwa ndani ya seli. Mwili ukihitaji nguvu, homoni huzitaka seli hizo zifungue akiba, mafuta huvunjwavunjwa, huingia kwenye damu na kupelekwa kwenye msuli unaofanya kazi. Unapochuchumaa, msuli wa makalio haufyonzi mafuta yaliyoufunika. Unatumia kilicholetwa na damu, na damu imekwisha kuokota mgongoni, tumboni, mikononi na kwingineko. Ndiyo maana mtu huchuchumaa mara mia kwa siku, na cha kwanza kupungua kikawa mashavu.

Swali: Mbona mwenzangu alipopungua uzito makalio yake yalitangulia, na yangu hayataki?

Jibu: Kila mwili una mpangilio wake wa kuachia akiba, na mpangilio huo umeurithi. Kwa wanawake homoni ya estrojeni nayo ina mkono wake: huelekeza mafuta kwenye nyonga, makalio na mapaja, ndiyo sababu umbo la msichana hubadilika akivunja ungo. Mafuta hayo huwa mazito kutoka kuliko ya tumboni. Hedhi ikikoma kwa umri, mafuta mapya huanza kuwekwa zaidi tumboni.

Hapo pana faraja ambayo wengi hawaambiwi. Mafuta ya makalio si ya hatari kama yale yanayojibana tumboni katikati ya ini na utumbo, ambayo huambatana na kisukari cha aina ya pili, shinikizo la damu na magonjwa ya moyo. Chukua futi kamba upime kiuno. Kikizidi sentimita 80 kwa mwanamke, au 94 kwa mwanamume, hilo ndilo la kushughulikia kwanza, makalio yasubiri.

Swali: Kwa hiyo mazoezi ya makalio ni kazi bure?

Jibu: Hata kidogo. Chini ya mafuta kuna misuli mitatu kila upande, na mmoja wao ndio mkubwa kuliko misuli yote ya mwili. Huo ndio unaokuinua kitini na kukupandisha ngazi. Anayeshinda ameketi huuacha ulale, na makalio hulegea hata kwa mtu mwembamba. Ukiujenga, makalio hukaza na kuinuka, mizani ikisoma kilo zilezile.

Zichukulie kama kazi mbili. Mafuta hupungua kwa kula pungufu kidogo ya unachotumia na kuushughulisha mwili mzima. Msuli hujengwa kwa mazoezi ninayokuja kuyaeleza. Anayefanya moja akitarajia matokeo ya nyingine ndiye husema mazoezi hayafanyi kazi.

Swali: Nifanye yapi, nyumbani, bila vifaa?

Jibu: Mimi ningeanza na daraja, hasa kwa anayeketi sana. Lala chali, kunja magoti, nyayo zikanyage sakafu karibu na makalio. Sukuma kwa visigino uinue kiuno hadi mwili unyooke kutoka mabegani mpaka magotini. Bana makalio, hesabu mbili, shuka taratibu. Ukisikia kazi iko nyuma ya mapaja, vuta visigino karibu zaidi. Ikiwa iko mgongoni, umejiinua kupita kiasi. Likishakuwa jepesi, inua kwa mguu mmoja. Wengi hukoma kulidharau siku hiyo.

Kuchuchumaa kunajulikana, ila kunaharibiwa na haraka. Tanua miguu kiasi cha mabega, rudisha makalio nyuma kama unayetafuta kigoda gizani, visigino visibanduke, na magoti yaelekee vilipo vidole vya miguu badala ya kuingia ndani. Shuka mpaka unapoweza bila mgongo kupinda.

La tatu ni kurudisha mguu mmoja nyuma na kushuka mpaka goti la nyuma likaribie sakafu, kisha kuinuka kwa nguvu ya mguu wa mbele. La nne, lala ubavu na uinue mguu wa juu ukiwa umenyooka. Linaonekana la kitoto, lakini linafika kwenye ule msuli wa pembeni unaoshika nyonga unapotembea.

Swali: Mara ngapi?

Jibu: Kila zoezi mara 10 hadi 15, raundi tatu, siku mbili au tatu kwa wiki zisizofuatana. Msuli hujijenga wakati wa mapumziko. Zile mara mbili tatu za mwisho ziwe ngumu kweli; ukimaliza huku unapiga soga, ongeza mzigo, hata begi la vitabu linatosha. Maumivu ya misuli siku moja au mbili baadaye ni ya kawaida. Maumivu makali ndani ya goti au nyonga, au yanayoshuka mguuni kutoka mgongoni, si ya kuvumilia: acha, ukaonwe na daktari.

Kwa upande wa mafuta, ongeza kutembea kwa kasi, baiskeli au kuogelea. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani.

Swali: Na vile vishimo vya ngozi ya makalio?

Jibu: Wanawake wengi mno wanavyo, wanene kwa wembamba. Hutokana na nyuzi zinazovuta ngozi huku mafuta yakisukuma katikati yake. Msuli ukijaa, vishimo huonekana kidogo, na wala si ugonjwa.

Swali: Mkanda wa kutoa jasho je? Na sindano?

Jibu: Jasho ni maji, ukinywa, uzito unarudi. Sindano za silikoni au mafuta zinazochomwa mitaani kujaza makalio ni balaa: zikiingia kwenye mshipa wa damu huweza kuziba mapafu na kuua.

Swali: Nitaona mabadiliko lini?

Jibu: Nguvu huongezeka ndani ya wiki chache, kwa sababu neva hujifunza kwanza kuuamsha msuli. Umbo huchukua wiki nane hadi kumi na mbili, wakati mwingine zaidi. Usipime kila asubuhi. Chagua suruali moja isiyovutika, ijaribu mara moja kwa mwezi, na uandike futi kamba inasema nini pale makalio yalipojaa zaidi na kiunoni. Kiuno kikipungua na makalio yakabaki palepale lakini magumu ukiyabana, endelea na ratiba hiyohiyo.