Biashara Ndogo ya Tiba Asili: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Anayetaka kuwauzia majirani zake chai za mitishamba, mafuta ya kupaka au sabuni za asili hupewa ushauri mwingi kabla hajafungasha hata chupa moja. Mwingi ni wa nia njema. Baadhi yake, hata hivyo, unaweza kumdhuru mteja, na huo ndio unaonisumbua zaidi.

Dhana: Cha asili hakina madhara

Mmea wenye nguvu ya kubadilisha hali ya mwili unaweza pia kuudhuru. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, nchini Ubelgiji, wanawake waliokuwa wakimeza vidonge vya mitishamba vya kupunguza uzito walianza kuharibika figo. Ilibainika kuwa mahali pa mmea wa Kichina uitwao Stephania tetrandra palikuwa pameingia mwingine, Aristolochia fangchi, wenye sumu. Majina ya mimea hiyo kwa Kichina yanakaribiana mno. Baadhi ya wanawake hao baadaye walipata saratani ya njia ya mkojo.

Ndiyo maana nasisitiza: usinunue mzizi wala unga kwa jina la sokoni peke yake. Mtake muuzaji akutajie jina la kisayansi, sehemu ya mmea, ulikovunwa na lini. Akishindwa, muache, hata kama bei yake ni nzuri.

Kuna pia mimea inayogongana na dawa za hospitali. Hypericum perforatum, unaotumiwa na wengi kwa ajili ya sonona, hulifanya ini livunje haraka dawa nyingine, zikiwemo vidonge vya uzazi wa mpango, warfarin ya kuzuia damu kuganda na baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Mteja anadhani dawa yake inafanya kazi, kumbe imepungua nguvu. Hata asali, ambayo kila mtu anaiona salama, haifai kupewa mtoto aliye chini ya mwaka 1, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyosababisha botulizimu, ugonjwa hatari unaolegeza na kupoozesha misuli.

Basi kabla hujapokea pesa, uliza: unatumia dawa gani? Una mimba au unanyonyesha? Una upasuaji karibuni? Jibu likikutia shaka, usiuze.

Dhana: Bila kemikali, bidhaa inakaa muda mrefu

Angalia maji kwanza. Mafuta mazito ya nta na mafuta ya mimea, yasiyo na tone la maji, hayaoti vijidudu kwa urahisi. Kinachoyaharibu hasa ni kuchacha. Losheni au krimu yenye maji ni jambo jingine kabisa. Bila kihifadhi kinachofaa, bakteria na ukungu huanza kuzaliana humo hata kabla harufu haijabadilika, na mteja anaipaka kwenye ngozi iliyochubuka. Anayeanza ningemshauri abaki kwenye bidhaa zisizo na maji mpaka atakapojifunza uhifadhi vizuri. Majani ya chai nayo yakaushwe hadi yavunjike mkononi, kisha yafungwe pasipopitisha unyevu.

Dhana: Shuhuda za wateja zinatosha kutangaza kuwa dawa inaponya

Mafua huondoka yenyewe baada ya siku kadhaa, na maumivu ya mgongo hupanda na kushuka. Mtu aliyekunywa chai yako wakati huo atakushukuru kwa moyo wote, lakini shukrani yake haithibitishi kuwa chai ndiyo iliyomponya.

Sheria nayo inaangalia maneno. Katika nchi nyingi, sabuni inayouzwa kwa kusafisha ngozi ni kipodozi. Ukiandika kwenye lebo kuwa inatibu ukurutu, inaweza kuhesabiwa kuwa dawa, na dawa inahitaji usajili na ushahidi. Ushuhuda ulioubandika kwenye tangazo lako unaweza kuchukuliwa kama dai lako mwenyewe. Kwa hiyo nenda mapema kwenye mamlaka ya dawa na vipodozi ya nchi yako uulize bidhaa yako inaangukia kundi gani, kabla ya kuchapa lebo.

Dhana: Lazima uwe na mtaji mkubwa na bidhaa nyingi

Bidhaa 2 au 3 unazozijua vizuri zinatosha kuanzia.

Dhana: Majani ni ya bure, kwa hiyo bei iwe ya chini

Chupa, lebo, kibali, usafiri, bechi (bidhaa zilizotengenezwa kwa mkupuo mmoja) iliyoharibika na saa zako za kazi vyote vina gharama. Ukivisahau, utauza sana na bado hutakuwa na fedha za kununulia malighafi ijayo. Kila bechi ipe namba na uiandike daftarini pamoja na tarehe na waliouziwa, ili mteja mmoja akiwashwa uweze kuwafikia wengine wote.

Dhana: Hospitali ni mpinzani wako

Mfahamu mfamasia au muuguzi wa karibu, umwonyeshe unachouza. Na anayekuja na maumivu ya kifua, damu kwenye kikohozi au choo, uvimbe unaokua, homa kali ya mtoto mchanga, au kupungua uzito bila sababu, asiondoke na chupa yako. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo.