Umoja wa fedha: nchi nyingi zinavyotumia sarafu moja

Nchi kadhaa zikikubaliana kuacha sarafu zao na kutumia moja, mpango huo huitwa umoja wa fedha. Sarafu za zamani hufa kabisa, na kazi ya kutoa pesa na kupanga riba huhamia kwenye benki kuu moja inayowahudumia wote.

Mfano mkubwa ni yuro. Ilianza Januari 1999 kwenye hesabu za benki tu, ikiwa na nchi 11. Noti na sarafu zikaingia mifukoni Januari 2002. Chukua sarafu ya yuro 1 uigeuze: upande mmoja ni uleule kila mahali, wa pili kila nchi imeweka alama yake. Ya Ireland ina kinubi, ya Ugiriki ina bundi. Yenye kinubi inanunua mkate Athens bila muuzaji kuuliza chochote.

Faida yake inaonekana haraka: mfanyabiashara wa Ureno anauza bidhaa Ujerumani bila kulipia ubadilishaji wa fedha, wala halali akihofia bei ya sarafu itakavyoamka kesho.

Gharama yake hujificha mpaka siku ya shida. Nchi yenye sarafu yake ikibanwa inaweza kuishusha thamani ili bidhaa zake ziwe rahisi nje, au benki kuu yake ikapunguza riba. Mwanachama wa umoja hana uwezo huo. Riba ya yuro inapangwa Frankfurt, Ujerumani, kwenye Benki Kuu ya Ulaya, kwa kuangalia hali ya nchi zote.

Ugiriki iliyaona hayo. Iliingia mwaka 2001, na kwa miaka kadhaa ikakopa kwa riba iliyokaribia ya Ujerumani, maana wakopeshaji waliona yuro ni yuro tu. Mwishoni mwa 2009 serikali mpya ikatangaza kwamba nakisi ya bajeti, yaani matumizi yanayozidi mapato ya serikali, ilikuwa kubwa mno kuliko ilivyosemwa awali. Wakopeshaji wakakimbia. Drakma, sarafu yake ya zamani, ya kushushwa thamani haikuwepo tena, hivyo mzigo ukaangukia mishahara, pensheni na kodi, ambayo ndiyo yalikuwa masharti ya mikopo ya kuiokoa. Kufikia 2013, zaidi ya robo ya nguvukazi haikuwa na ajira. Juni 2015 benki zilifungwa, na mwenye akaunti aliruhusiwa kutoa yuro 60 tu kwa siku kwenye ATM, hata kama pesa ni zake.

Kwetu jambo hili si geni. Kenya, Uganda na Tanganyika, na Zanzibar kuanzia 1936, zilitumia shilingi moja chini ya bodi ya kikoloni hadi 1966, kila nchi ilipoanza kutoa yake. Novemba 2013, marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walitia saini mjini Kampala itifaki ya kurudi huko kwa hiari. Masharti yake ni magumu: mfumuko wa bei usizidi asilimia 8, nakisi ya bajeti isipite asilimia 3 ya pato la taifa, deni lisivuke asilimia 50, na akiba ya fedha za kigeni itoshe kuagiza bidhaa kwa miezi minne na nusu.

Lengo lilikuwa 2024, sasa limesogezwa hadi 2031. Wengi wanalalamika, mimi naona ni afadhali kuchelewa kuliko kuingia na hesabu zilizopambwa. Itifaki hiyo inataka pia kuwe na chombo cha takwimu cha jumuiya nzima. Hicho kianze kukagua vitabu vya kila serikali kabla noti ya kwanza haijachapwa.