Soksi ya Dobby kwa Kiswahili cha pwani

Kazi yangu ni kutafsiri hadithi za watoto. Jumamosi mbili kila mwezi nakaa na watoto wa darasa la sita huko Sinza, uani kwa dada yangu, nawasomea rasimu nijue sentensi ipi inateleza na ipi inakwama. Mtoto wa Dar hakufichi. Ukimchosha, anaanza kuchora vumbi kwa kandambili.

Mwezi uliopita niliwapelekea vipande vya Dobby, mtumishi wa ukoo wa Malfoy anayejitokeza katika kitabu cha pili cha hadithi za Harry Potter, mvulana mchawi, kile cha 1998. Ni zoezi tu, si kitu cha kuchapisha. Dobby ana macho makubwa na masikio kama ya popo, kavaa foronya kuukuu. Uchawi wake unatosha kumrusha mtu mzima ngazini, lakini akiwasema vibaya mabwana zake, anajipigiza kichwa mwenyewe.

Kwanza, aitwe nani? Kiingereza kinamwita elf. Ukiliandika kwa Kiswahili linakuwa elfu, na hapo una viumbe 1,000 jikoni. Nikajaribu jini. Watoto wakakataa, na wana haki: jini wa taa katika Alfu Lela Ulela humtii yeyote aliyeishika taa, awe mwema awe mwizi. Dobby hafungwi na chombo, anafungwa na nyumba na damu ya wenye nyumba. Jini wa kufugwa wa huku kwetu ndiyo hafai kabisa, maana huyo anadai, na anayekosa usingizi ni mfugaji. Mmoja akapendekeza hausiboi. Nikaishia kwenye kibwengo, ingawa najua wazee watasema kibwengo ni wa baharini na mapangoni, si wa kupiga pasi.

Kibwengo likaniletea zawadi ya ngeli. Kimekuja, au amekuja? Sarufi ya shule inataka a-, kwa kuwa ni kiumbe hai. Nikafanya kosa la makusudi: akina Malfoy wanasema kimefika, Harry anasema amefika. Watoto walilinasa kabla sijalieleza.

Dobby humwita Harry, mtoto wa miaka 12, kama mtumishi anavyomwita bwana wake. Nikaandika bwana mdogo, kama alivyoitwa zamani mtoto wa mwenye watumwa. Nilisahau kwamba Dar ya leo bwana mdogo ni konda, au kijana unayemtuma vocha. Uani kote kicheko! Nikarudi kwenye Bwana Harry Potter, jina zima, kila mara.

Halafu soksi. Mtumishi wa aina hii huwa huru siku bwana wake akimpa vazi. Harry anatia shajara ndani ya soksi yake chafu, anamkabidhi Lucius Malfoy, bwana wa Dobby, Lucius anaivua soksi na kuitupa kwa hasira, Dobby anaidaka. Basi, yuko huru. Wataalamu wa ngano watakukumbusha brownie wa Uskochi, kiumbe wa nyumbani anayeondoka akipewa nguo, na ni kweli. Ila msomaji wa pwani hii hana haja ya kwenda Uskochi. Unguja ya karne ya 19 mtumwa hakutakiwa kufunika kichwa wala kuvaa viatu. Mwanamume alijifunga kipande cha merikani, kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, mwanamke kaniki, kitambaa cheusi. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897 (Tanganyika ilingoja mpaka 1922), watu waliutangaza uhuru wao mwilini: wanawake waliiacha kaniki wakajitanda kanga, wanaume wakavaa kanzu na kofia. Ungemwona mtu njiani ukajua amejihesabu wapi.

Binti mmoja akauliza, kwa nini basi soksi, si kofia? Nikamwambia asubiri kitabu cha tano. Humo Dobby anatembea na kofia zimepandana kichwani, zile alizofuma Hermione, rafiki wa Harry, kwa ajili ya kuwakomboa wenzake jikoni. Wenzake hawazitaki, kwa hiyo anazichukua zote yeye. Kwa Kiingereza ni kichekesho. Nilipokuwa naitafsiri aya hiyo nilisimamisha kalamu kwa muda.

Mshahara sikuukawilia: Dumbledore, mkuu wa shule ya wachawi, alimtajia galioni 10, sarafu zao za dhahabu, kwa wiki, Dobby akajishusha mwenyewe hadi moja. Dada wa kazi wa nyumba ya pili, aliyekuwa akianika nguo, akasikia. "Huyo hana wa kusomesha," akasema.

Kreacher, kibwengo mwenzake Dobby, alikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa, kwa sababu lugha yetu inalo neno lake: mzalia, mtumwa aliyezaliwa mle mle ndani. Bwana wake, Sirius, anapofariki, Harry anamrithi mtumishi huyo pamoja na nyumba, na mirathi ni neno ambalo watoto hawa wanalijua kupita umri wao. Utii wake ni wa maneno matupu. Sirius anamfokea atoke, naye anatoka kweli, mpaka kwa maadui. Moyo wake alimwekea Regulus, mdogo wake Sirius, aliyemtendea wema, na Harry anaupata pale tu anapompa kidani kilichokuwa cha Regulus.

Limebaki jiwe la kaburi. Dobby anapokufa, Harry anamchimbia kwa sepetu bila uchawi, na maandishi ya juu ya jiwe yanamtaja kuwa huru. Niandike kibwengo huru, au kibwengo muungwana? Muungwana lina uzito, na leo maana yake ni mtu mwenye utu na adabu. Lakini zamani alikuwa yule aliyezaliwa huru, na mtumwa aliyeachwa hakulipata jina hilo kirahisi. Tukapiga kura: 9 muungwana, 4 huru. Yule binti wa kofia alikuwa miongoni mwa wanne. Alisema uungwana wa kale ulikuwa wa akina Malfoy.

Nimeandika huru, kwa penseli.